Monita pana: ipi ununue, na jinsi ya kukagua kioo kabla ya kulipa

Kioo cha monita kikishaharibika, ndiyo imetoka. Fundi atakubadilishia kapasita, swichi, hata bodi nzima ya umeme, lakini bei ya kuweka kioo kingine hukaribia bei ya monita nyingine. Kwa hiyo orodha hii sikuipanga kwa inchi wala kwa jina la kampuni. Nimeipanga kwa kuangalia ni ipi itakufikisha nyumbani na kioo kizima ukakaa nayo miaka.

Ya kwanza kwangu ni inchi 24 ya IPS (aina ya kioo ambacho rangi zake hazibadiliki sana ukikitazama kwa pembeni) iliyotumika ofisini. Ofisi za nje hubadilisha vifaa kwa mkupuo, na nyingi ya monita hizo utazikuta Kariakoo, au Luthuli kwa walioko Nairobi. Dell U2412M ndiyo ninayoitafuta kila mara: ina pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 1920 kwa upana na 1200 kwenda chini; hiyo ni mistari 120 zaidi kuliko monita ya kawaida ya 1920 kwa 1080. Anayeshinda kwenye hesabu au anayeandika nyaraka ndefu atauona unafuu huo siku ya kwanza. Stendi yake hupanda, hushuka, na kioo huzungushwa kikasimama wima. Kwa kuwa ni mtumba, waranti ya kiwanda imeshaisha, na ukaguzi wako pale kaunta ndio kinga pekee uliyonayo.

Ya pili ni inchi 24 mpya, IPS, 1920 kwa 1080. Inamfaa asiye na muda wa kuzunguka madukani. Hapa kuna jambo wanunuzi wengi hawaambiwi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-307, kwenye daraja la pili ambalo viwanda vingi hulifuata, kinaruhusu nukta mbili zinazowaka muda wote na mbili zilizokufa kwa kila pikseli milioni moja. Monita ya 1080 ina pikseli 2,073,600. Maana yake inaweza kuwa na nukta nne zinazowaka, na kiwandani ikahesabika nzima kabisa! Usiulize tu “ina waranti?” Uliza zikifika nukta mbovu ngapi ndipo wanabadilisha, na siku ngapi za kurudisha, kisha majibu yaandikwe kwenye risiti kabla hujatoa hela.

Ya tatu ni inchi 27 yenye 2560 kwa 1440. Nzuri sana kwa macho. Ila inchi 27 yenye 1080 iache: pikseli zake ni 82 tu kwa inchi, dhidi ya 109 za mwenzake, na herufi huonekana zina meno.

Ya nne ni zile ndefu za inchi 34, 3440 kwa 1440. Kwa mhariri wa video ni raha. Nimeiweka chini kwa sababu kioo kirefu hivyo huvuja mwanga kwenye kona kwa urahisi, huumia njiani, na laptopu ya zamani inaweza kushindwa kuilisha picha kamili kupitia kebo ya HDMI.

Sasa kukagua. Monita yangu ya kwanza niliwashiwa video ya rangi nyingi dukani, nikaridhika, nikalipa. Usiku nikaona nukta ya kijani inawaka katikati ya kila kitu cheusi. Niliporudi kesho yake niliambiwa mali ikishatoka haipokelewi. Iliniuma, kwa sababu dakika tano tu zingeniokoa.

Nenda na laptopu yako, kebo yako, na picha tano tupu: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na buluu. Futa kioo kwanza kwa kitambaa laini ili vumbi lisikudanganye. Fungua kila picha ijae kioo kizima, pita kona hadi kona taratibu. Nukta nyeusi kwenye nyeupe imekufa, haifufuki. Nukta yenye rangi imekwama. Programu ya kubadilisha rangi harakaharaka huweza kuizindua, lakini usinunue kwa matumaini hayo, na usiikandamize kwa kidole maana unaweza kuongeza jeraha.

Kwenye nyeusi, omba taa izimwe au kinga kwa viganja. Mng’ao wa kona unaohama ukisogeza kichwa ni tabia ya IPS. Unaobaki palepale ndio mwanga unaovuja.

Mstari wima usiofutika, hata mwembamba kama unywele, rudisha monita hapohapo: mara nyingi viunganishi vya pembeni mwa kioo vimeanza kuachia, na mistari huongezeka. Doa kama wino ni ufa wa ndani. Ikiwaka sekunde mbili kisha kioo kikawa giza, mulika tochi ya simu. Ukiona picha kwa mbali, kioo ni kizima, kilichokufa ni mwanga wa nyuma; hiyo lipia bei ya spea tu, na uwe na fundi unayemwamini. Iache iwake dakika ishirini hivi, kwani kasoro nyingine hujitokeza ikishapata moto.

Picha iliyovutika au yenye ukungu isikutishe. Weka pikseli zinazolingana na za monita kwenye mipangilio, badilisha kebo ya zamani ya VGA utumie HDMI, na kwa kawaida inatulia.

Njiani ibebe wima ndani ya boksi, isilazwe kioo kikiangalia juu na mzigo ukawekwa juu yake. Ukifika, zile picha tano zirudie usiku huohuo chumba kikiwa giza, siku za kurudisha zikiwa bado zinahesabika.