Ziara ya Power Up ya AC/DC kwa sikio la mpiga rika

Mimi ni mpiga rika, yaani tari ndogo yenye visahani vya kulialia. Kazi yangu katika taarab ni kukaa nyuma ya fidla na kanuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, na kumshikia mwimbaji mwendo, tangu bashraf, muziki wa ala tupu wa kufungulia shughuli, mpaka wimbo wa kuagana, na siku ninapoifanya vyema hakuna mtu anayenitazama. Nalitanguliza hilo ili msomaji ajue ni sikio la nani lililosikiliza onyesho la kundi la roki la AC/DC katika uwanja wa Wembley, London, Jumatano ya tarehe 3 Julai 2024. Ziara hii ya Power Up imekwisha kuandikwa sana na watu waliokulia katika roki nzito, ambao macho yao humfuata mpiga solo aliyevaa sare ya skuli. Macho yangu yalikwenda kwa mwengine.

Nilikuwa London kumtembelea dada yangu, na tiketi zilinunuliwa na mwanawe, kijana aliyezaliwa huko, ambaye aliniambia, "Mjomba, na hawa nao ni wazee wa ngoma yao, twende ukawasikilize." Nilikubali ili nimridhishe. Nayaeleza maoni yangu kwa urefu kwa kuwa naamini hapa Unguja tunao wapenzi wa roki wengi kuliko tunavyokiri, na mji alimozaliwa Farrokh Bulsara mwaka 1946, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Freddie Mercury, hauna sababu ya kuuona muziki huu kuwa ni kitu cha watu wa mbali.

AC/DC iliundwa Sydney mwaka 1973 na ndugu wawili, Malcolm Young na mdogo wake Angus, watoto wa familia iliyohamia Australia kutoka Glasgow, na onyesho lao la kwanza lilikuwa usiku wa kuukaribisha mwaka 1974. Angus alishika gita la solo, na ndiye huyo wa kaptura na koti la skuli, vazi alilolianza kwa wazo la dada yao Margaret. Malcolm alishika rithimu, yaani gita la kushikilia mwendo. Mwimbaji Bon Scott alifariki London mwezi wa Februari 1980, nafasi yake akaichukua Brian Johnson, na Julai ya mwaka huohuo ikatoka Back in Black, ambayo mpaka leo ni miongoni mwa albamu zilizouzwa kwa wingi zaidi duniani. Malcolm aliacha kupiga mwaka 2014 kwa maradhi ya kupoteza kumbukumbu, akafariki Novemba 2017. Kwa hiyo waliopanda jukwaani Wembley ni Angus mwenye umri wa miaka 69, Johnson mwenye miaka 76, mpiga dramu Matt Laug na mpiga besi Chris Chaney, ambao ni wapya katika ziara za kundi hili, na kwenye rithimu Stevie Young.

Huyu Stevie ndiye aliyenifanya niandike. Lugha ya Kiingereza ina neno moja tu la mtoto wa kaka na mtoto wa dada, lakini sisi tunajua tofauti yake: Stevie ni mtoto wa kaka yao mkubwa, na kwetu angemwita Angus ami, ijapokuwa yeye amezaliwa Desemba 1956 na ami yake Machi 1955. Ukoo wa namna hiyo si mgeni visiwani, ambako ami na mtoto wa nduguye huweza kukaa dawati moja. Mwaka 1988 Stevie alimshikia Malcolm nafasi yake katika ziara ya Marekani, na tangu mwaka 2014 nafasi hiyo imekuwa yake moja kwa moja. Anapiga gita la Gretsch kama alilolipiga Malcolm, anasimama kando ya dramu, na kiitikio kinapofika hupiga hatua chache hadi kwenye maikrofoni, akaitikia pamoja na mpiga besi, kisha wote wawili wakarudi kinyumenyume mpaka pale walipokuwa. Ndivyo alivyofanya Malcolm miaka yote.

Asiyepiga ala anaweza kudhani kwamba rithimu ya AC/DC ni kazi nyepesi, kwa kuwa koodi, yaani sauti kadhaa za gita zinazopigwa pamoja, ni chache na hazina mapambo. Ugumu wake uko katika kimya. Katika wimbo unaobeba jina la albamu ile ya 1980, ambao usiku ule ulikuwa wa pili, koodi inapigwa, inakatwa kwa kiganja, na nafasi iliyobaki inaachiwa dramu peke yake mpaka koodi nyengine ije. Mkono ukitangulia kidogo tu, wimbo unaanguka. Mwanafunzi wa rika hujifunza kugonga kwa wiki chache na kungoja kwa miaka. Stevie alingoja kwa zaidi ya saa mbili na nyimbo 21 bila ya kuharakisha hata mara moja niliyoisikia mimi, na Matt Laug alimfuata kwa adabu, akipiga kidogo na akikwepa kujionyesha. Nyimbo kadhaa zilikwenda pole kuliko zilivyo katika rekodi. Sikuliona hilo kuwa kosa, kwa sababu mwendo ule ulimpa mwimbaji nafasi ya kuvuta pumzi, na wimbo mzito ukiendeshwa pole uzito wake huzidi.

Hapo ndipo ninapoleta lawama yangu kubwa juu ya ziara hii. Power Up ni jina la albamu iliyotoka Novemba 2020, na nyimbo zake zote zimeandikwa kwa majina ya Angus na Malcolm, maana zilijengwa juu ya mawazo aliyoyaacha marehemu. Ni albamu ya kumkumbuka ndugu. Ziara ikachukua jina hilo, na bado usiku mzima zilipigwa nyimbo mbili tu kutoka humo, huku sehemu kubwa ya muda ikitumiwa kwa nyimbo za kabla ya 1981. Nafahamu kwamba hadhira hutaka inazozijua. Hata sisi, tukipiga wimbo mpya harusini, hutumiwa kijikaratasi cha kuomba wa zamani. Lakini kundi lenye miaka 50 lina heshima ya kutosha kuweza kuwaomba watu wasikilize nyimbo nne au tano walizowaandalia.

Njiani kijana wetu aliniuliza kama kundi lililobakiwa na mwanzilishi mmoja bado ni kundi lilelile. Swali hilo Unguja lina jawabu lake, kwa kuwa klabu ya taarab ya Nadi Ikhwan Safaa imeanzishwa mwaka 1905 na hakuna hata mmoja wa waasisi aliye hai, na Culture Musical Club, ya mwaka 1958, imekwisha kupokezana vizazi, na hakuna anayesema kwamba klabu hizo si zilezile. Kwetu nyimbo ni mali ya klabu, na anayeingia hukaa chini ya mkubwa wake mpaka mkono wake uzoee mahadhi ya nyumba hiyo. AC/DC haina malezi ya namna hiyo. Nyimbo zake zimetoka katika mikono miwili ya ndugu wawili, na mkono mmoja umekwenda. Ninavyoona mimi, Angus pamoja na wapigaji wa kukodi angekuwa mwanamuziki mkubwa anayepiga nyimbo zake za zamani, na kinacholifanya jina la kundi listahiki kuandikwa kwenye tiketi ni kwamba mkono wa pili umerithiwa ndani ya nyumba.

Sauti ya Brian Johnson inahitaji maneno ya haki. Mwaka 2016 madaktari walimwonya kwamba akiendelea na viwanja vikubwa anaweza kupoteza usikivu wake wote, akaiacha ziara katikati, na mwimbaji Axl Rose wa kundi la Guns N' Roses akaimaliza. Amerudi kwa msaada wa vifaa maalumu vya masikioni, na kwamba mtu huyo anasimama tena mbele ya mitambo ile ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo sauti imekwaruzika sana. Katika nyimbo za 1980, ambazo alizirekodi akiwa na miaka 32 na kwa sauti ya juu kabisa, maneno mengi yalitoka nusu, na hadhira ndiyo iliyomalizia. Mkwaruzo wenyewe haunisumbui. Sisi tulikuwa na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, ambaye uzeeni sauti yake ilikuwa na mchanga mtupu na bado ilimtoa mtu machozi. Lakini yeye aliingoja sauti imjie, akaliweka neno pale penye nafasi, ilhali Johnson bado anaikimbilia pale alipoiacha zamani. Alipendeza zaidi katika nyimbo za Bon Scott, ambazo hazikwei juu sana na zinataka mtu wa kusimulia.

Tulikaa viti vya juu, mbali na jukwaa. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mtu aliye umbali wa mita 100 husikia pigo likiwa limechelewa kwa karibu theluthi ya sekunde, na kwenye skrini huuona mkono ukishuka kabla ya dramu kulia. Mafundi wa viwanja hulipunguza tatizo hilo kwa kutundika spika nyengine katikati na kuzichelewesha kwa kipimo, na usiku ule walifanya kazi nzuri, kwani gita la Stevie lilifika safi mpaka huko juu. Besi ndiyo iliyozagaa, kama inavyozagaa katika uwanja wowote wenye paa na vyuma. Aliyezoea Ngome Kongwe wakati wa tamasha la Sauti za Busara, ambako kuta za mawe ziko karibu na juu ni mbingu tupu, atauona uwanja wa mpira kuwa ni mahali pagumu kwa muziki, na ningemshauri alipe zaidi akae karibu au asubiri onyesho la ukumbi mdogo. Vizibo vya masikio ni lazima. Nilivinunua mlangoni na sikujuta.

Solo ya Angus karibu na mwisho ilikuwa ndefu kupita kiasi. Kwa dakika nyingi alibaki peke yake, akipiga, akisimama, akiusubiri ukelele wa watu, akipiga tena, akajilaza chini na kuzunguka kama alivyofanya ujanani, na mzee wa miaka 69 anayeweza hayo anastahiki mkono. Lakini nikiwa mtu wa ala naisikiliza taksimu, yaani upigaji wa peke yako wa kubuni papo hapo, kwa kutazama inarudi wapi, na ile haikuwa na haraka ya kurudi kokote. Nusu yake ingetosha.

Msomaji wa kwetu atauliza juu ya zile pembe nyekundu zenye taa ambazo maelfu ya watu huvaa kichwani, na juu ya nyimbo zinazoitaja Jahannamu. Pembe sikuvaa. Nilichokiona uwanjani ni wazee na wajukuu wao, watu waliopishana kwa adabu kwenye ngazi, na pembe zile kwao ni mapambo ya shughuli. Nyimbo nyingi za ulevi na wanawake siwezi kuzisifia maneno yake, na mtu mwenye watoto wadogo ayajue hayo kabla ya kulipa. Jambo jengine ni wakati: London mwezi wa Julai jua huzama saa tatu na dakika ishirini usiku, kwa hiyo onyesho lilianza kukiwa kweupe na taa zote zikionekana hafifu, na Magharibi ilipoingia watu walikuwa wamebanana. Niliichelewesha nikaikusanya na Isha, kama anavyoruhusiwa msafiri.

Gharama ni kubwa. Mwaka 2024 ziara ilizunguka Ulaya peke yake, kuanzia Gelsenkirchen, Ujerumani, tarehe 17 Mei hadi Dublin tarehe 17 Agosti, na mwaka 2025 ikaenda Marekani, ikarudi Ulaya na kumalizia Edinburgh mwezi wa Agosti, kisha Novemba ikafika Australia. Mji wa Afrika haukuwemo katika safari hizo. Mzanzibari anayetaka kuwaona atalipia viza na ndege kabla ya tiketi yenyewe. Tiketi zetu zilitoka kwa wakala wa kuuza tena, ambaye aliongeza ada juu ya ada mpaka bei ikapanda kupita ile iliyoandikwa mwanzo, na kijana akaniomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Ningekuwa sina mwenyeji wa kunilaza, nisingeshauri mtu aifunge safari hiyo kwa ajili ya onyesho moja.

Mwisho wao ni mizinga. Ilipangwa juu ya jukwaa na kupigwa kwa zamu katika wimbo wa kuagana, na kila mlio ulinifikia kifuani kabla sijautambua kwa sikio. Watu wote walitazama juu kwenye moshi. Mimi nilikuwa nimeomba darubini ya jirani, mama mmoja wa makamo aliyekuja na mumewe, na niliielekeza kando ya dramu, ambako Stevie alikuwa ameinamisha kichwa, mguu ukipima mwendo, koodi ikishuka mahali pake baada ya kila mzinga.