Kabla hujaitupa nRF24L01 yako, tazama hii

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Swali linalojaa kwenye maoni ni lile lile: nichukue moduli gani ya redio ili Arduino mbili, zile bodi ndogo za kuprogramu, zizungumze bila waya? Nitajibu, ila kwanza nimalize ugomvi na hii hapa, nRF24L01+, ile ndefu yenye antena ya kufunga na kikuza mawimbi. Gigahezi 2.4, SPI (njia yake ya kuongea na Arduino kwa waya), hayo mnayajua, sirudii.

Kinachonikera ni jinsi inavyosingiziwa. "Haivuki hata ukuta mmoja." Jamani! Tazameni. Nimeichomeka kwenye pini ya volti 3.3 ya Arduino Uno, kama michoro mingi inavyoelekeza. Natuma namba kila sekunde. Someni kwenye skrini: haikufika, haikufika, imefika, haikufika. Na redio zote mbili ziko meza hii hii!

Ngoja nisogeze kamera. Pini hii, kwa maelezo rasmi ya Uno, inatoa miliampia 50. Moduli yenye kikuza mawimbi ikirusha kwa nguvu zote hula zaidi ya 100. Kila inapoanza kutuma, volti zinaporomoka, chipu inayumba na pakiti inapotea. Hapo antena haina kosa lolote.

Sasa nachukua kapasita, kiakiba kidogo cha umeme, ya mikrofaradi 10. Mguu wa upande wenye mstari unaenda GND (hasi), mwingine VCC (chanya), msigeuze. Naibana hapa hapa kwenye miguu ya moduli, siiweki kule mwisho wa waya. Umeme nao nauhamishia kwenye kidhibiti cha volti 3.3 kinachojitegemea, GND zote zimeungana. Tuma. Imefika. Imefika. Imefika. Mnaona? Programu ni ile ile, sijagusa hata mstari mmoja! Ila VCC msiipeleke kwenye volti 5, mwisho wake ni 3.6. Pini za data ndizo zinazovumilia 5.

Na hilo neno "imefika" ndilo linalonifanya niipende. Upande wa pili umejibu wenyewe kwamba umepokea. Jibu lisiporudi, chipu inarudia kutuma, hadi mara 15 ukitaka, wewe huandiki chochote. Pakiti ni baiti 32, zinatosha joto, unyevu, hali ya betri. Mkitaka umbali zaidi, shusheni kasi hadi kilobiti 250 kwa sekunde, pande zote mbili. Kasi hiyo iko kwenye zile zenye alama ya kujumlisha tu, kwa hiyo someni jina vizuri kabla ya kulipa.

Vile vijozi vya bei ya chini kabisa vya megahezi 433? Hapana. Mpokeaji akikosa mawimbi anatema makelele matupu, na mtumaji hajui kama amesikika. Ukiwa navyo tayari, angalau chomelea waya wa sentimita 17 uwe antena. HC-12, moduli nyingine ya redio, naiheshimu: ni siriali tu, unaandika huku inatokea kule. Anayeanza leo ataielewa haraka.

LoRa, ile redio ya kufika mbali, najua mnaingoja. Umbali wake mimi unanifurahisha sana, lakini kwa bei ya moja mnapata nRF24 kadhaa, na ni ya taratibu mno. Mkiisukuma hadi SF12, mpangilio wake wa kufika mbali zaidi, kwenye upana wa mawimbi wa kilohezi 125, hampati hata biti 300 kwa sekunde. Kwa kipimo cha maji kwenye tangi la mbali, safi kabisa. Kwa rimoti ya gari la kuchezea, sahauni. Pini zake hazitaki volti 5, na msirushe kabla ya kufunga antena. Masafa ya mawimbi nayo ni ya nchi: Ulaya megahezi 868, Marekani 915, kwa hiyo ulizieni ya kwenu kwanza.

Halafu kuna jambo linalonisumbua nikiwa naisifu nRF24 hivi. Kama tayari mna ESP32 mbili, zile bodi zenye Wi-Fi ndani, msinunue kitu! ESP-NOW, njia yao ya kutumiana data moja kwa moja, imo ndani, haihitaji ruta, na pakiti moja inabeba baiti 250. Kwa hiyo nRF24 naipendekeza kwa wenye Arduino za kawaida, na kwa vifaa vya betri, maana chipu yake ikilala inakula chini ya mikroampia moja.

Video ya LoRa kwenye betri naihariri sasa, jisajilini na mbonyeze kengele isiwapite. Kwenye maoni niandikieni bodi mliyo nayo, umbali na kuta ngapi katikati, niwaambie mchukue ipi.