Kamera nzuri, waya mbovu: miezi mitatu na kamera yangu ya nyota

Kamera naipa nne kati ya tano. Waya uliokuja nayo kwenye boksi siupi hata nusu, na ile karatasi ya maelekezo heri wasingeiweka kabisa.

Ni kamera ya kupozwa, ya rangi, yenye kihisi (kile kipande kinachopokea mwanga) cha Sony IMX533. Ilinigharimu milioni mbili na ushee, akaniletea shemeji yangu alipokuja likizo kutoka Ujerumani. Chapa sitaitaja. Nimeongea na wenzangu wenye chapa nyingine na vituko ni vilevile. Mimi nafundisha fizikia sekondari hapa Dodoma. Darubini naifunga shambani kwa baba mkwe upande wa Hombolo, ambako usiku ukiinua macho unaona nyota, si taa za barabarani.

Sebuleni kamera ilifanya kazi vizuri mno. Nilipiga picha ya balbu, ya pazia, ya kisigino cha mwanangu, zote zikaingia kwenye laptopu bila shida. Nikasema hapa nimepata.

Tukaenda shambani katikati ya Mei, mvua zimeshakata na mwezi haupo. Nikalenga Omega Centauri, lile kundi la nyota zinazokadiriwa kufika milioni 10, ambalo kwa huku kwetu majira hayo saa nne usiku huwa limepanda vizuri upande wa kusini. Programu ya kuendeshea kamera, N.I.N.A., ambayo ni ya bure, ikaiona kamera. Nikaamuru ipoe, joto la kihisi likashuka taratibu kutoka 21 hadi hasi 10. Nikaagiza picha ya sekunde 120. Sekunde zikahesabiwa mpaka mwisho, yakatokea maandishi kwamba picha inapakuliwa, basi. Dakika moja, dakika tano, bado inapakuliwa. Nikafunga programu kwa nguvu, nikachomoa, nikachomeka, nikaanza upya. Picha ya pili ikaja, lakini nusu ya chini nyeusi tii. Ya tatu ikaja na mistari kama kanga iliyochanika. Ya nne haikuja. Mama watoto alikuwa amekaa na thermosi ya chai, akaniuliza, "Baba, hizo nyota zinakuja kwa miguu?"

Kilichonipoteza maboya ni kwamba kamera ilikuwa inaonekana. Kwenye Device Manager, ile orodha ya Windows ya vifaa vilivyounganishwa, ipo, haina alama ya njano, joto lake linasomeka, ukiiambia ipoe inapoa. Nikajidanganya kwamba kama kompyuta na kamera zinaongea, basi waya ni mzima, ubovu uko ndani ya kamera. Ilinichukua wiki tatu kuelewa nilipokosea, na mwalimu wa fizikia ni mimi mwenyewe.

Hesabu yake ni hii. Amri ya kupoza au ya kuanza kupiga ni data kidogo sana, baiti za kuhesabika. Picha ni mzigo mwingine kabisa: kihisi hiki kina pikseli 3008 kwa 3008, kila pikseli inachukua baiti mbili, kwa hiyo picha moja ni kama megabaiti 18, na inataka kupita yote kwa mkupuo. Daraja la magogo hupitisha bodaboda kutwa nzima. Ubovu wake utaujua siku likija lori la mahindi. Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba kamera yake "haikonekti", swali langu la kwanza ni kama haionekani kabisa, au inaonekana ila picha haishuki. Isipoonekana kabisa, natafuta draiva (programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa), poti, au programu nyingine iliyoishikilia. Ikionekana lakini picha haifiki, draiva naiacha kwanza, nashika waya, habu (kile kigawanyio cha poti za USB) na umeme.

Muuzaji hakuniuliza swali hilo. Nilimwandikia barua pepe tatu, na zote tatu jibu lilikuwa moja: sakinisha draiva mpya. Nikasakinisha. Nikafuta nikasakinisha tena. Nikaweka ya kampuni, nikaweka na ya ASCOM, ule mfumo wa pamoja wa draiva za vifaa vya nyota, nikashusha SharpCap nijaribu na programu tofauti. Hapo nikajiongezea ugonjwa mwingine, maana usiku mmoja mzima kamera iligoma kuonekana kwenye N.I.N.A., kumbe SharpCap niliiacha wazi nyuma ya madirisha mengine na ndiyo ilikuwa imeikamata. Kamera hizi hushikwa na programu moja tu kwa wakati. Yule aliyeandika ile karatasi ya maelekezo angetia sentensi hiyo moja, angeniokolea saa nne za usiku mweusi.

Kitu kimoja cha maana nilikipata mwenyewe kwenye mipangilio ya draiva. Kuna kipimo cha kiasi gani cha njia ya USB kamera iruhusiwe kutumia, na yangu ilikuwa 80. Nikashusha hadi 40. Badala ya kila picha kukwama, ikawa inakwama moja kati ya tano hivi. Sikupona, lakini nilipata fununu: ukipunguza kasi na mambo yakatulia, barabara ndiyo mbovu. Nilikuwa na ushahidi mkononi na bado nikaenda kuilaumu kamera.

Aliyenizindua ni fundi wa steshenari pale mtaani kwetu, kijana anayetengeneza printa na mashine za fotokopi. Nilikwenda kuchapa mitihani, nikamsimulia. Akaniambia, "Mwalimu, printa ikitoa nusu ukurasa huwa sianzi kufungua printa. Naanza na waya." Akauliza tundu la kamera likoje. Nikamchorea: la mraba, lina nundu juu. Akacheka, akatoa kwenye droo waya wa kawaida wa printa, ule mfupi wa USB 2.0. "Jaribu huu. Utaingia sehemu ya chini, nundu iache wazi."

Nilikuwa sijui kama hilo linawezekana. Linawezekana: plagi ya mraba ya USB 2.0 inaingia kwenye tundu la mraba la USB 3.0, na kamera inashuka yenyewe kwenye mwendo wa zamani. Usiku ule nikapiga picha 40 za sekunde 120 na zote zikashuka. Zote. Kwa waya wa printa wa shilingi elfu tano.

Watu huogopa kwamba USB 2.0 ni taratibu. Kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde, na kwa matumizi halisi unapata kama megabaiti 35 hadi 40. Picha yangu ya megabaiti 18 inashuka kwa takriban nusu sekunde. Kama umemsubiri nyota dakika mbili, nusu sekunde ni nini? Mwenye kamera kubwa ya megapikseli 61 atasubiri sekunde tatu au nne kila picha, naye hatakufa. Atakayeumia ni anayerekodi video ya Mushtari au Zohali, anayetaka fremu nyingi kila sekunde. Huyo anahitaji USB 3.0 iliyo nzima, ingawa hata yeye akikata fremu ibaki kipande kidogo chenye sayari tu, anaweza kujikimu.

Kwa nini sebuleni ilikuwa sawa? Sebuleni nilichomeka moja kwa moja kwenye laptopu. Shambani nilikuwa nimeunga ule waya wa buluu wa boksini, wa mita 2, na nyongeza ya mita 5 niliyoinunua Kariakoo, halafu katikati nikaweka habu isiyo na umeme wake. USB 3.0 ikipita mita 3 tayari unatafuta matatizo, na mimi nilikuwa na saba na maungio mawili. Lakini sitaki kubeba lawama yote. Baadaye niliujaribu ule wa boksini peke yake, na ukiushika karibu na plagi ukautikisa kidogo tu, kamera inapotea. Stendi ya darubini inazunguka usiku kucha kufuata nyota, waya unavutwa polepole, na plagi inayocheza haiwezi kuvumilia hilo. Sasa waya naufunga kwa kamba kwenye stendi ili kinachovutwa kisiwe plagi.

Nikadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Juni kamera ikaanza kukatika kabisa kila ikifika saa saba usiku, unasikia ule mlio wa Windows wa kifaa kilichochomolewa na hakuna aliyekigusa. Huu sasa ulikuwa umeme. Data inapita kwenye USB, lakini kipoza kinakula volti 12 kwa waya wake peke yake, na mpozo ukiwa juu kinaweza kuvuta mpaka ampea 3. Betri yangu ya sola ilikuwa mita 5 mbali, kwa waya mwembamba wa milimita 0.5 za mraba. Nenda na urudi ni mita 10, ukinzani kama omu 0.34, mara ampea 3, unapoteza volti moja njiani. Mita ikanionyesha 12.3 kwenye betri na 11.2 kwenye kamera. Swali hili nimewapa kidato cha tatu miaka na miaka! Nikaweka waya wa milimita 2.5 na kuisogeza betri, upotevu ukashuka chini ya volti 0.2, na mpozo nikauweka hasi 5 badala ya hasi 10. Haijakatika tena.

Katikati ya hayo nilizima pia ile tabia ya Windows ya kulaza poti ya USB inayoonekana haina kazi. Wakati wa picha ndefu njia huwa kimya, kompyuta inaona hakuna mtu, inazima taa, na picha ikitaka kuingia inakuta mlango umefungwa. Inazimwa sehemu mbili: kwenye mipango ya umeme, na kwenye Device Manager chini ya kila habu ya USB. Siwezi kuapa kwamba kwangu ilisaidia, kwa sababu wiki ile nilikuwa nabadilisha vitu vitatu kwa mara moja, kosa ambalo mwanafunzi wangu akilifanya maabara namkata alama. Na kama kipanya chako kisicho na waya kinarukaruka ukikisogeza karibu na waya wa USB 3.0, usikitupe. Waya hizo huvujisha kelele maeneo ya gigahezi 2.4, mawimbi yaleyale ya kipanya.

Julai nilipata waya mzuri wa USB 3.0 wa mita 2, mnene, wenye plagi zinazobana. Unafanya kazi hata nikirudisha kile kipimo cha njia ya USB hadi 80. Nebula ya Lagoon, wingu la gesi linalong'aa angani, ilikuwa karibu utosini, nikakusanya saa tatu za picha na sikupoteza hata moja. Kihisi kenyewe ni kisafi ajabu, hakina ule mwanga wa kona unaoharibu picha za kamera nyingi za zamani, na umbo lake la mraba linakuondolea kazi ya kuzungusha kamera kutafuta mkao. Nyota moja niliyoipunguza ni ya huduma. Mtu anayeuza kifaa cha milioni mbili asinijibu kwa sentensi moja mara tatu.

Waya wa printa nilimrudishia fundi, akaukataa, kwa hiyo unakaa kwenye begi la darubini kama dawa ya akiba. Ule wa buluu wa boksini baba mkwe ameuomba, amefungia mlango wa banda la kuku, na anasema unashika vizuri.