Miezi minane na pochi isiyo na kaunta: uzoefu wangu kutoka Ngamiani

Dada yangu anafanya kazi Muscat. Mimi nina duka la vipuri vya baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, na kila mwezi hela ya mama hupitia kwangu: dawa, chakula, umeme. Kwa miaka yote alikuwa anapanga foleni Ijumaa kwenye ofisi ya kutuma fedha, anakatwa ada, halafu anakatwa tena kimyakimya kwenye bei ya kubadilishia. Mwaka jana akaniambia, "Kaka, weka pochi kwenye simu nikutumie USDT, tumechoka kulisha watu wa kati." Nikaweka. Pochi ni programu ya simu ya kutunzia sarafu za kidijitali, na USDT ni sarafu mojawapo, inayokusudiwa kuwa na thamani ya dola moja. Makato ndiyo yaliyonisukuma. Hayo mapinduzi ya fedha yanayohubiriwa vijiweni sikuwa na habari nayo.

Kufungua pochi kulichukua muda mfupi kuliko kuziba pancha. Sikuulizwa kitambulisho wala sikupigwa picha. Nilipewa maneno 12 na kuambiwa niyaandike kwa mpangilio ule ule. Ukiyapoteza na simu ikaharibika, hela imekwenda. Akiyapata mtu mwingine, hela ni yake. Hakuna namba ya huduma kwa wateja. Niliyaandika kwenye karatasi, nikaiweka kwenye sanduku la mama chini ya kanga zake, nikamwambia ni dua ili asiitupe. Mungu anisamehe.

Hela ya kwanza iliingia kabla dada hajamaliza meseji yake ya sauti. Hapo nilikubali. Bahari yote ile, usiku wa Jumapili, hakuna ofisi iliyo wazi, na dola zimefika.

Siku ya pili nikagonga ukuta. Nilitaka kuzihamisha, pochi ikakataa: ada ya mtandao, yaani ule mfumo unaobeba USDT, hailipwi kwa USDT, inalipwa kwa sarafu ya mtandao wenyewe, nami sikuwa na hata chembe. Nikawa nina dola na siwezi kuzisogeza, kama mtu mwenye baiskeli mpya isiyo na cheni. Ilibidi dada anitumie kidogo ya sarafu hiyo. Wanaotengeneza vitu hivi wakumbuke kwamba mtu wa kawaida hajui kwamba pesa inahitaji pesa nyingine ya kuisukuma.

Kazi kubwa, hata hivyo, ni kugeuza USDT iwe shilingi, maana muuza dawa hapokei namba za kwenye skrini. Unaingia kwenye soko la mtu kwa mtu. Jukwaa linazuia USDT zako kama amana, mnunuzi anakutumia shilingi kwenye simu, ukithibitisha ndipo zinaachiwa. Mara nyingi ni dakika kumi, bei nzuri, kwaheri. Lakini mwezi wa tatu nilipata mnunuzi mwenye haraka. Meseji ya muamala ikaingia, ina kumbukumbu namba, ina salio jipya, kila kitu. Naye ananisukuma: "Bosi achia, nina mgonjwa." Nikatazama salio kwenye menyu yenyewe: hakuna kitu. Meseji ilikuwa ya kutunga. Tangu siku hiyo siamini meseji, naamini salio; na jina la mlipaji lisipofanana na jina la kwenye jukwaa, naghairi.

Kisha nikaingiwa na tamaa ya mkopo. Nilitaka kuleta tairi na tyubu kabla ya bei kupanda, nikasikia kwamba kwenye DeFi, yaani huduma za fedha zinazoendeshwa na programu bila benki, unakopa bila afisa mikopo. Ni kweli, afisa hayupo. Ila ili ukope inabidi uweke dhamana inayozidi mkopo: unaweka ether, sarafu nyingine ya kidijitali ambayo bei yake hupanda na kushuka, za dola 100, unaruhusiwa kuchukua sehemu yake, tuseme 75. Bei ya ether ikishuka kupita kiwango, programu inaruhusu dhamana yako iuzwe hapo hapo, hata kama umelala. Sasa mimi ningekuwa na dola 100 za kuweka, ningekopa za nini? Mchezo wetu wa mtaani, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu, una kijumbe anayejua duka langu, anajua mama anaumwa, na mwezi nilipobanwa alinibadilishia zamu na fundi cherehani. Programu hainijui. Kwa kupokea hela ningeipa nyota nne. Kwa kukopesha mtu kama mimi, moja, na hiyo ni kwa sababu haikunipotezea muda.

Na hili la "fedha isiyo na mwenye" lina walakini. USDT ina kampuni inayoitoa, na kampuni hiyo inaweza kuzuia anwani ya pochi, USDT zilizomo zisitoke. Hata hiyo dola ya kidijitali si lazima ibaki dola. Mei 2022 UST, sarafu nyingine iliyokusudiwa kuwa dola moja, iliporomoka mpaka ikawa karibu na bure. Machi 2023 USDC, nayo ya aina hiyo hiyo, ilishuka chini ya senti 90 baada ya kuanguka kwa Silicon Valley Bank, benki ya Marekani iliyotunza sehemu ya akiba yake, ikarudi siku chache baadaye. Ndiyo maana kwangu hazilali: zikiingia, zinatoka.

Kwa upande wa serikali, Benki Kuu ilitoa tahadhari Novemba 2019 kwamba fedha halali hapa ni shilingi, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaja na kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali. Kinachotozwa kodi kimeshaonekana, ndivyo ninavyosoma mimi, lakini wakala wa mtaani kwangu ukimtajia USDT anakutazama kama umemletea noti ya bandia. Siku atakapoweza kupokea USDT na kukupa shilingi mkononi kwa bei iliyobandikwa ukutani, watu wa Ngamiani hawatahitaji kuelezwa DeFi ni nini.

Mwezi huu dada ametuma nusu kwa pochi, nusu kwa njia ya zamani. Hiyo ya zamani ni ya mama. Kwenye pochi mtumaji ni mkururo wa herufi na tarakimu, mama anataka meseji yenye jina la mwanawe, nimsomee, kisha aniambie, "Hebu rudia."