Tawi la Kanda la Chama cha Wahandisi: Shughuli Zipi Zinastahili Muda Wako

Ukilipa ada ya chama cha wahandisi, unachonunua hasa ni kalenda ya tawi lako: mihadhara ya jioni, ziara za kiufundi, kozi fupi, mkutano wa mwaka, mashindano ya wanafunzi na maandalizi ya usajili. Ubora wake haulingani hata kidogo, na mara nyingi shughuli yenye bango kubwa kuliko zote ndiyo yenye faida ndogo. Hapa zinapimwa kwa kigezo kimoja: ukirudi kazini kesho yake, kuna jambo utakalolifanya vizuri zaidi?

Muhadhara wa jioni ndio uti wa mgongo wa tawi. Ukipangwa vizuri huchukua dakika 90: 45 za mzungumzaji, 30 za maswali, na zinazobaki ni za watu kusimama na kuulizana yale wasiyotaka kuyauliza kwenye kipaza sauti. Kinachouharibu zaidi ni wingi wa slaidi. Mzungumzaji mwenye slaidi 70 atazikimbia zote, kisha mwenyekiti atatangaza kwamba muda wa maswali umekwisha, na maswali ndiyo yaliyowaleta watu. Slaidi 25 zinatosha. Ubovu mwingine ni muhadhara ambao kwa kweli ni tangazo la bidhaa. Si vibaya muuzaji wa pampu kupewa jukwaa. Akija na mkunjo (grafu) wa utendaji wa pampu, akaonyesha ufanisi unavyoshuka mtiririko unapokwenda mbali na ule uliokusudiwa, na akaeleza kwa nini pampu hutafunwa na viputo vya mvuke shinikizo la upande wa kufyonza likiwa dogo, amefundisha kuliko profesa wengi. Akija na picha za kiwanda na orodha ya wateja, amewapotezea watu jioni.

Katika mihadhara yote, usikose ile inayochambua ajali. Mfano unaofaa sana ni njia za juu za watembea kwa miguu ndani ya hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, zilizoanguka tarehe 17 Julai 1981 na kuua watu 114. Mchoro wa awali ulikuwa na fimbo ndefu za chuma zilizotoka darini, zikapita kwenye boriti za njia ya ghorofa ya nne na kuteremka hadi ile ya ghorofa ya pili. Ili kurahisisha utengenezaji, kila fimbo ndefu ikabadilishwa kuwa fimbo mbili: moja kutoka darini hadi boriti ya juu, nyingine kutoka boriti ya juu hadi ya chini. Tangu hapo nati iliyo chini ya boriti ya juu haikubeba tena njia moja. Ilibeba zote mbili, yaani mzigo ulikuwa maradufu. Na hata mchoro wa awali haukutimiza kanuni za ujenzi za mji ule. Mzungumzaji akiuchora muungano huo ubaoni na kuwaomba wasikilizaji waonyeshe njia ya nguvu kwa mishale kabla hajatoa jibu, kila aliyemo ukumbini atajifunza kwa nini badiliko dogo la karakana lazima lirudi kwa msanifu likiwa na hesabu mpya. Jioni ya namna hiyo peke yake inatosha kurudisha ada ya mwaka.

Ziara za kiufundi ni nzuri kwa sharti moja, na sharti hilo ni idadi. Kiongozi mmoja anaweza kusikika na watu 12, labda 15, mahali penye kompresa au jenereta. Wakiwa 50, walio mbele wanajifunza, wengine wanapiga picha. Tawi makini huwagawa watu makundi, kila kundi na kiongozi wake, nao huzunguka vituo tofauti kwa zamu. Siku mbili au tatu kabla ya ziara hutuma mchoro wa jumla wa mtambo au jengo, kwa sababu mtu asiyejua anachokitazama hana la kuuliza. Tangazo linalosema tu "vaa kiusalama" halitoshi. Liseme kofia ngumu, buti zenye ncha ya chuma na kizibao cha kuakisi mwanga, na lieleze nani analeta nini, maana wapo watakaofika na viatu vya ofisini na kuachwa getini, na ni haki waachwe. Piga picha pale tu unaporuhusiwa.

Kozi fupi hutofautiana kuliko chochote kingine. Kozi ya siku mbili ya kusikiliza tu haifai. Yenye mazoezi ya mikono inafaa hata ikiwa ya nusu siku. Chukua kipimo cha slampu cha zege, kitu ambacho kila mhandisi wa ujenzi anadhani anakijua: zege bichi hujazwa kwenye koni ya chuma, koni hunyanyuliwa, kisha hupimwa zege limeshuka kiasi gani. Koni ina kimo cha milimita 300, kipenyo cha chini 200 na cha juu 100. Hulowanishwa ndani na kuwekwa juu ya sahani tambarare, hujazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka likishindiliwa mara 25 kwa fimbo ya chuma ya milimita 16. Ukishindilia tabaka la pili, fimbo iingie kidogo tu kwenye la kwanza. Koni inyanyuliwe wima, bila kuizungusha, kwa sekunde 2 hadi 5. Makosa huonekana papo hapo mezani: sahani imeinama, koni ni kavu na zege linang'ang'ania ukutani, au mtu anainyanyua kwa kishindo na zege linakatika upande. Zege likikatika hivyo, kipimo hakihesabiwi, hurudiwa kwa sampuli nyingine. Mwalimu hodari ataongeza kwamba viwango vya Ulaya hupima hadi sehemu ya juu kabisa ya zege lililoshuka, ilhali vya Marekani hupima katikati ya uso wake wa juu, kwa hiyo ripoti isiyotaja kiwango ina kasoro. Uliza kabla ya kujiandikisha: vifaa viko vingapi, na kila mshiriki atafanya mwenyewe?

Kwa upande wa vyeti, matawi mengi huzembea, na mwanachama ndiye anayeumia siku ya kuhuisha leseni. Cheti kinachofaa kina jina kamili, namba ya usajili, mada, tarehe, idadi ya saa za mafunzo na sahihi ya mtoaji. Kisichoonyesha saa ni karatasi tu. Hakikisha pia unajua bodi yako ya usajili wa wahandisi inahesabu nini: wengine huhesabu saa, wengine pointi, na kwenye mfumo wa CEU (vitengo vya elimu endelevu) saa 10 za mafunzo ndizo hufanya kitengo 1. Muda wa chakula na hotuba za ufunguzi hauhesabiwi.

Wahandisi wanagenzi wasipuuze jioni za maandalizi ya usajili, hasa zenye usaili wa majaribio. Ripoti nyingi za uzoefu zinarudishwa kwa sababu ya maneno kama "tulihusika katika ujenzi wa daraja". Jopo linataka kujua wewe uliamua nini: ulikokotoa boriti gani, ulikataa sampuli ipi, ulimshauri nini mkandarasi na kwa sababu gani. Daftari la kazi litiwe sahihi na msimamizi kila mwezi. Kukusanya sahihi za miaka mitatu kwa wiki moja, baada ya msimamizi kuhama kampuni, ni mateso yasiyo ya lazima.

Mkutano wa mwaka una hotuba nyingi. Soma ikisiri mapema, chagua mada nne au tano, na uwaachie wengine siku ya ufunguzi.

Mashindano ya wanafunzi ya madaraja ya vijiti yanastahili waamuzi wengi zaidi kutoka kwa wanachama. Hupimwa kwa mzigo uliobebwa ukigawanywa kwa uzito wa daraja lenyewe, na karibu daima kinachoshindwa ni viungo vya gundi au kijiti kirefu kinachobanwa. Urefu ukiwa maradufu, uwezo wa kijiti kustahimili kubetuka, yaani kupinda ghafla kikibanwa, hubaki robo. Mwanafunzi akielezwa hayo akiwa ameshika kipande kilichovunjika, hayasahau.

Kama bado hujajiunga, omba tawi kalenda ya mwaka uliopita badala ya ile ya mwaka ujao, uone ngapi kati ya shughuli zilizotangazwa zilifanyika kweli, na ngapi zilikuwa za kiufundi.