Pleya ya santuri isiyo na mkanda: uzoefu wangu na Technics SL-D2 hapa Mtwara

Kwa anayeishi pwani hii ya kusini na anatafuta pleya ya santuri ya zamani ya kuweka sebuleni, ushauri wangu ni mfupi: chukua ile ambayo mota yake inazungusha sahani moja kwa moja. Za mkanda, ambazo mota inazungusha sahani kwa kupitia mkanda wa mpira, waachie walio jirani na duka la vipuri. Mpira na joto la Mtwara havipatani. Mkanda unavutika, unaanza kunata, na mwimbaji uliyezoea sauti yake anasikika kama anayumba. Halafu mkanda wenyewe utauagiza Dar, zaidi ya kilomita 500, na ukifika unaweza kukuta kipimo siyo.

Teknolojia hii ya kuondoa mkanda si ngeni. Technics, chapa ya Kijapani, walitoa SP-10 mwaka 1970, mashine ya studio na vituo vya redio, kisha ikashuka taratibu hadi kwenye pleya za nyumbani. SL-D2 ni ya kundi hilo la nyumbani.

Wengi mkisikia Technics mnaiwaza SL-1200MK2, ile ya madiijei iliyotoka 1979. Niliipiga hesabu na nikaiacha. Ni chuma kweli, mwendo wake unashikiliwa na kwatzi, kijiwe cha kutunza muda kama cha kwenye saa, hata ukiugusisha kidole ukingo wa sahani inarudi kasi yake papo hapo. Lakini bei yake imepaa, inakaribia pikipiki ya mtumba, na nyingi zilizopo sokoni zimeshatumikishwa kwenye kumbi miaka na miaka. Mimi sichezeshi harusi. Nataka kukaa jioni nisikilize muziki wa dansi, basi.

SL-D2 yangu niliipata Dar kwenye mzigo wa mtumba wa Japani. Muuzaji alisema, "Chomeka tu, boss, inapiga." Sikuchomeka. Nikaigeuza, nikasoma kibati cha nyuma: AC 100V. Huku kwetu umeme ni volti 230, kwa hiyo ukiichomeka moja kwa moja unaaga transfoma yake. Hiki ndicho kitu cha kwanza kutazama kwenye pleya yoyote ya Japani, kabla hata ya kuuliza bei. Dawa yake ni transfoma ya kushusha umeme, na kwa kuwa pleya inakula umeme kidogo sana, hata ndogo inatosha. Fundi wangu wa hapa Mtwara alinisisitizia nisinunue ile nyepesi nyepesi ya kusafiria: "Mzee, hizo zimetengenezewa pasi na vikausha nywele. Tafuta yenye koili ya kweli, uinyanyue usikie uzito."

Kuhusu hezi, yaani mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde, wala usihangaike. Pleya nyingi za mkanda za zamani zinafuata hezi za umeme wa ukutani. Ya 60 ukiileta kwenye 50 yetu inazunguka taratibu, muziki unazama. SL-D2 ina saketi yake ya kuongoza mota, haijali. Umeme ukipungua jioni, taa za nyumba zinafifia na santuri inaendelea kwa mwendo uleule.

Ukingo wa sahani una safu za nukta zinazomulikwa na kitaa chekundu. Japani yenyewe ina umeme wa hezi 50 upande wa Tokyo na 60 upande wa Osaka, ndiyo maana kuna nukta za kila upande. Sisi tunasoma za 50. Zikionekana zimesimama tuli, mwendo ni sahihi. Zikitambaa, unazungusha kitufe cha mwendo mpaka zitulie. Yangu ilipofika zilikuwa zinatambaa, zinasimama, zinaruka. Siyo mota. Ni volyumu ya mwendo, kile kidude kilicho chini ya kitufe, iliyoshika uchafu. Fundi akapuliza spreya ya kusafishia kontakti, akaizungusha kwenda na kurudi mara nyingi, nukta zikatulia. Mtu asiyejua angeambiwa saketi imekufa.

Mkono ukague kwa vidole. Uinue na uuachie pole pole: usikwame popote, usichezecheze kwenye maungio yake. Mkono uliopinda au uliolegea usiununue hata kwa nusu bei. Na kabla ya kupakia basi, toa sahani, toa uzito wa nyuma, funga mkono kwa kamba laini. Pleya inayosafirishwa ikiwa nzima inafika imejiponda yenyewe.

Sindano nimefunga Audio-Technica VM95E, inakandamizwa gramu 2. Sauti ya besi imekaa vizuri, na santuri ndogo za Mbaraka Mwinshehe nilizorithi kwa baba mdogo, ambazo zimekwaruzika haswa, inazipita bila kuruka.

Jambo linalowaangusha watu ni sabufa. Sabufa za madukani hazina tundu la foni (phono), yaani tundu la pleya ya santuri, siyo la simu; umeme unaotoka kwenye sindano ni milivolti chache tu, na besi imepunguzwa makusudi wakati wa kukata santuri. Ukichomeka moja kwa moja utasikia kijisauti cha mbu. Lazima kuwe na priamplifaya ya foni katikati, kikuza sauti kidogo cha kurudisha besi, au amplifaya ya zamani yenye tundu hilo. Ule waya mwembamba wa ethi nao uufunge kwenye priamplifaya. Nilipouunganisha, mvumo wa "mmmm" uliokuwa chini ya muziki ulikatika hapohapo.

Nisichokipenda ni mfuniko. Plastiki yake imezeeka, bawaba zinapasuka, na sisi wa Shangani, mtaa wa hapa Mtwara, tunauhitaji kwa sababu ya chumvi ya bahari. Sasa nauweka juu bila bawaba, nauinua kwa mikono miwili. Skrubu zinazoanza kutu nazipaka mafuta ya cherehani kwa ncha ya kijiti, na katriji, kile kichwa kinachoshika sindano, naitoa nikisafiri muda mrefu. Sindano ya akiba agiza mapema kabla ya masika, maana barabara ya Dar ikikatika kwa maji hata kipande cha gramu mbili kinakaa njiani.