Shule ya bweni huku Mafinga, nyota tatu (upande wa pombe na bangi)

Naandika kama mzazi, ada na matokeo wengine wameshasema sana. Mwanangu yuko form three, mvua zilipoanza na ulanzi (pombe ya mianzi) ukawa mwingi mtaani nikapigiwa simu kwamba wamemkamata yeye na wenzake na chupa ya maji imejaa ulanzi, nikaenda kesho yake nikaonyeshwa, kifuniko kimevimba kwa gesi na harufu bwenini balaa. Dogo anajitetea eti mtogwa, ule mtamu ambao haujachacha, mtogwa gani, ule ulikuwa mkangafu, umechacha kabisa!

Nilichopenda hawakumfukuza. Shule nyingi ni barua na godoro getini, mtoto anarudi mtaani kwa walewale wanaomuuzia. Hawa walimpa mwalimu wa malezi, mama mmoja mpole ila hapindishi, wakawa wanakaa kila wiki na mimi naitwa.

Sasa mabaya. Viboko vilitangulia ndo ushauri ukafuata, mtoto ameshanuna unategemea akwambie nani anamuuzia? Halafu gharama ya kipimo cha mkojo cha bangi nikabebeshwa mimi bila hata kuulizwa, na ule uzio wa nyuma wanakopitishia vitu mpaka leo uko wazi. Viroba (pombe kali za pakiti) serikali ilipiga marufuku 2017, ulanzi unauzwa hapo hapo jirani na mwenyekiti wa mtaa anajua.

Namba ya bure ya Mamlaka ya dawa za kulevya, 119, nayo hawajaibandika popote.

Mkienda kuulizia nafasi ombeni kuonana na huyo mama wa malezi, pale usajili mtaonyeshwa basi na maabara tu.